Kikohozi cha Baba Mkwe na Feni ya Kompyuta

Baba mkwe wangu nilimjua kwa masikio. Miaka tisa nilikuwa nimeolewa na mwanawe na sikuwa nimewahi kumtazama usoni, wala yeye mimi. Kwetu Unyakyusa mkamwana na baba mkwe wake hawaonani. Nikisikia anakuja naingia ndani, na kama pa kuingia hakuna nageukia ukuta, najifunika kanga kichwani mpaka apite. Hatusemezani, na jina lake silitamki. Najua wapo waliokwisha kuacha mambo hayo, hasa watu wa kanisani, na siwasemi vibaya. Yeye hakuacha, na mimi sikuona nina haki gani ya kumwachisha. Lakini ungeniziba macho ukaniletea wazee ishirini wakohoe mmoja mmoja, yeye ningemtoa. Nilijua mguu wake wa kushoto unaburuta kidogo, na kwamba fimbo yake inagonga chini kabla ya mguu wa kulia.

Akitaka kunifikishia neno na pasiwe na mtu wa kutuma, alisema na kitu. "Ewe ukuta," nilimsikia siku moja upande wa pili, "mboga ya leo chumvi imezidi." Kesho yake nilipunguza. Naye akamwambia ukuta, "Ndaga." Ndiyo asante yetu hiyo.

Naandika haya nikitazama daftari langu la wakati ule, na daftari lenyewe silikubali lote. Mahali pengine nimejionea huruma kupita kiasi. Nimesoma mpaka la saba tu, nikaongeza miezi mitatu ya kupiga taipu kwa masista, kwa hiyo nilipokosea kusema mnivumilie, ila nitajitahidi nisimwonee mtu.

Mzee aliletwa kwetu Bondeni, mjini Kyela, kutoka Ndandalo mwezi wa nne, mvua zikiwa bado zinanyesha, kifua kimembana. Hospitali ya mjini wakamwanzishia dawa za kumeza mbele ya nesi kila siku kwa miezi miwili, ndipo apewe nyingine za kwenda nazo nyumbani. Nesi alimwita wifi yangu pembeni akamwambia wazi: mzee akikatisha, kifua kitarudi kikali zaidi, na dawa hizi hazitakiweza tena. Wifi alinirudia maneno hayo jikoni kama alivyoambiwa, na tangu siku hiyo niliyabeba.

Mume wangu alikuwa Mbeya muda mwingi. Shirika alilokuwa akifanyia kazi ukarani lilibinafsishwa, yeye na wenzake wakapunguzwa, akawa anazunguka kwenye maofisi kufuatilia mafao. Kwa hiyo nyumbani tulikuwa watatu: mimi, mzee, na wifi yangu ambaye ni bintiye. Wifi huyo aliuza sabuni na vitenge kutoka upande wa Malawi, alikuwa na mdomo mkali na moyo mzuri, na ndiye aliyempelekea baba yake chakula, kwa sababu mimi nisingeweza.

Nyumba yetu ilikuwa na korido moja. Mbele, karibu na mlango wa barabarani, ndipo chumba changu cha kazi. Nyuma, karibu na ua, chumba cha mzee. Akitaka kwenda hospitali, au kuota jua barazani, lazima apite mlangoni kwangu. Tulipangana kwa mdomo wa wifi: yeye atakohoa mara mbili kabla ya kutoka, mimi nitakaa ndani. Mimi nikitaka kwenda jikoni nitaburuta kandambili, yeye asitoke. Wiki za mwanzo hakukuwa na shida hata kidogo. Kikohozi chake wakati ule kilisikika mpaka kwa jirani.

Sasa ile kompyuta. Shirika lilipouza vitu vyake mume wangu aliipata kwa bei ya kutupa, skrini yake na boksi lake na printa, akaileta juu ya kigari cha kirikuu imefungwa blanketi kama mgonjwa. Ndiyo iliyokuwa ikitulisha. Nilichapa barua za maombi ya kazi, kadi za harusi, mauziano ya mashamba, mitihani ya majaribio ya shule. Watu walisimama dirishani kuitazama, na sitaficha kwamba nilipenda wanitazame na mimi.

Ilikuwa na sauti tangu siku ya kwanza, lakini ya kuvumilika, kama nyuki wa mbali. Kufika mwezi wa sita ilikuwa inanguruma. Nyuma ya boksi kuna feni ya kutolea joto, hiyo ndiyo iliyoanza kulia, na boksi lenyewe likawa linatetema juu ya meza, na meza nayo ikatetemesha ukuta. Mchana kutwa nilikaa mle ndani, na jioni nilipoizima masikio yaliendelea kuvuma. Nikawa mtu wa kuinuka na kukaa. Naandika mstari mmoja, nainuka kusikiliza mlangoni, narudi, nimesahau nilipoishia. Kwa sababu huku mashine ikipanda sauti, kikohozi cha mzee kilikuwa kinashuka. Dawa zilikuwa zinafanya kazi. Kila mtu alifurahi, na mimi nilifurahi, huku nikijiuliza nitamsikiaje.

Ikawa Jumanne. Nilikuwa nachapa mtihani wa darasa la saba, nikakumbuka maharage jikoni. Niliinuka mbio, mashine nikaiacha inanguruma, kandambili sikuburuta. Hilo ni kosa langu na nimeliandika kwenye daftari kwa herufi kubwa. Natoka mlangoni, naye yuko pale pale. Kati yetu palikuwa na umbali wa mkono mmoja.

Nilichoshangaa, Mungu anisamehe, ni kwamba alikuwa mfupi. Miaka tisa yote nilimweka kichwani mtu mrefu. Ana macho ya kahawia yaliyofifia na alama ndogo kidevuni kama ya mume wangu, ambayo siku zote nilidhani ni kovu alilopata kwa kuanguka. Wala sikufunika uso. Sijui kwa nini sikufunika. Yeye ndiye aliyegeuka. Mzee mzima, akajiegemeza ukutani, kofia usoni, kama bibi harusi. Nilirudi ndani nikafunga mlango, maharage yakaungua.

Jioni wifi alikuja jikoni, akakaa juu ya kibao cha mbuzi bila kusalimia.

"Baba anafunga mzigo."

"Wa kwenda wapi?"

"Ndandalo. Anasema Jumamosi kaka akija atamsindikiza. Anasema nyumba hii imemshinda."

"Dawa je? Si zimebaki wiki tatu?"

"Mimi ndiye nesi? Kamwulize wewe." Halafu akacheka peke yake. "Ee, nilisahau. Wewe wa kuonana naye kila siku koridoni."

Sikucheka. Akaniona, akalainika. "Wifi, hajakukasirikia. Ameona aibu. Anasema amekuvunjia heshima kwenye nyumba yako mwenyewe."

Hapo ndipo nilipoumia. Ningependa angenikasirikia.

"Izime tu hiyo mashine," akasema.

Ni haki yake kusema hivyo. Asubuhi mzee alipokuwa akienda hospitali nilikuwa nikiizima kweli. Lakini mzee hutoka mara kumi kwa siku, na kuiwasha na kuizima ni kazi nyingine, na mitihani ilikuwa ya kukabidhiwa Ijumaa, na dagaa wa usipa na mayai ya mzee vilitoka kwenye mashine hiyo hiyo. Kuihamisha nisingeweza, nyumba nzima ilikuwa na soketi moja, nayo ilikuwa chumbani mle. Nilimweleza wifi yote hayo, na nilipokuwa nikieleza nilijisikia kama mtu anayejitetea. Pengine ndivyo nilivyokuwa.

"Basi," nikamwambia, "mwombe asiamue mpaka Jumamosi yenyewe. Nitaituliza."

"Wewe? Utaibembeleza?"

Jumatano niliifunika. Nilichukua blanketi lile lile lililoileta nikalizungushia boksi, na juu yake kanga mbili. Kelele zilipungua nusu, nikajiona mwerevu. Baada ya saa moja hivi skrini ikawa nyeusi. Kurasa mbili za mtihani zilipotea. Niligusa boksi, lilikuwa la moto kama sufuria. Ile feni nilikuwa nimeiziba pua.

Alhamisi nikafikiri kwa njia nyingine. Kitu cha chuma kikilia hutiwa mafuta. Bawaba ya mlango wetu wa uani ilikuwa ikilia, tukaipaka mawese, ikanyamaza. Baiskeli ya mume wangu mnyororo wake ulikula mawese miaka yote. Kyela ukikosa chumvi utaomba, lakini mawese hukosi. Nilichomoa waya ukutani, nikafungua boksi kwa kisu cha jikoni, na katikati ya ile feni, pale inapozungukia, nikadondosha mawese kwa unyoya wa kuku. Nilizungusha kwa kidole, ikazunguka laini. Nikarudisha waya, nikawasha.

Ilinyamaza. Nasema kweli, ilinyamaza kiasi cha kusikia jogoo wa jirani. Nilikaa mikono mapajani, sikuchapa chochote. Alasiri nikasikia khu, khu, kule nyuma, hafifu, halafu fimbo, halafu mguu. Nilifunga mlango kwa ustaarabu kabisa, akapita. Nilitamani kulia. Wifi aliporudi nilimwambia, "Umeona?" Akasema, "Nimenusa. Chumba chako kinanukia kama jikoni kwa mama."

Ijumaa asubuhi kulikuwa na ile baridi ya mwezi wa sita inayoshuka kutoka Tukuyu. Jikoni mawese yalikuwa yameganda kwenye chupa, ya manjano, mazito, kama kila asubuhi ya baridi. Nilikoroga ya kupikia kwa kijiko, na akilini mwangu hapakuja kitu. Nikaenda nikawasha mashine. Ikaguna, feni haikuzunguka. Ndipo nikaelewa. Yaliyokuwa kwenye chupa ndiyo yaliyokuwa kwenye feni.

Niliizima haraka, nikakaa chini sakafuni. Mitihani ilibaki kurasa tatu, Jumamosi ni kesho, na mzee mzigo wake uko tayari, wifi alikuwa amenitajia: kikapu, mkeka, redio imefungwa kwa kamba. Nilijiambia yaliyo mabaya juu yangu. Kwenye daftari yapo, hapa nayaacha.

Nikaenda kwa fundi redio, mtu wa kutoka Singida aliyekuwa na kibanda nyuma ya soko. Hakuwa amewahi kutengeneza kompyuta, na alisema hivyo mwenyewe kabla sijauliza, nikamheshimu kwa hilo. Alikuja na mfuko wake, akafungua boksi, akaingiza pua.

"Mama, umeikaangia nini hii?"

"Nilitaka isipige kelele."

"Sasa haipigi. Hongera." Akapitisha kidole, akanionyesha kidole chekundu. "Ungeweka na kitunguu basi."

Halafu akaacha utani, akaniita niangalie. Ndani ya boksi palikuwa na vumbi la rangi ya dhahabu, limejaa kila pembe, limeganda kwenye mapanga ya feni kama ukoga. Pumba. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na mashine ya kukoboa mpunga, na tangu mavuno yaanze ilikuwa ikifanya kazi kutwa, upepo wa kutoka ziwani unaleta kwetu. Mimi hulifagia sakafuni kila siku. Kwamba na kompyuta inalivuta halikunijia akilini.

"Feni ikibeba uchafu upande mmoja mzito, haizunguki sawa," alisema. "Inapiga, inatetemesha na boksi. Na pale katikati pamekauka. Ulivyofikiri mafuta ulifikiri vizuri. Mafuta ndiyo hayakuwa yenyewe."

Maneno hayo nimeyaweka kwa sababu ni mtu mmoja tu aliyeniambia wiki ile kwamba nilifikiri vizuri.

Aliitoa feni nzima, akaisugua kwa brashi ya viatu na mafuta ya taa kidogo, akaikausha juani barazani. Pumba alizipuliza kwa pampu ya baiskeli. Katikati ya feni kulikuwa na karatasi ya kubandika imelegea kwa mawese yangu. Akaibandua, chini yake kulikuwa na tundu dogo, akatia matone mawili ya mafuta ya cherehani, yale mepesi yasiyoganda, akazungusha, akangoja, akaongeza moja, akaziba kwa karatasi mpya. Skrubu zote za boksi zilikuwa zimelegea, akazikaza. Akauliza kama nina kandambili mbovu. Nikampa ya kushoto. Aliikata vipande vinne akaviweka chini ya boksi kwenye pembe, ili utetemeko usishuke mezani.

"Washa."

Niliwasha. Sauti ilikuwa kama ya mtu aliyelala vizuri. Nilimaliza mitihani kabla ya jua kuzama, ikachukuliwa.

Jumamosi mume wangu hakufika. Alituma salamu na dereva kwamba faili lake limehamishiwa ofisi nyingine. Basi mzee akawa hana wa kumsindikiza, na mimi nikaona Mungu ameniongezea siku. Niliwasha mashine, nikaacha mlango wazi kidogo, nikatega masikio. Saa mbili, kimya. Saa tatu, kimya. Saa nne wifi aliingia, mikono kiunoni.

"Baba hataki kutoka. Hospitali hajaenda."

"Kwa nini? Si imenyamaza? Hata akipumua nitamsikia."

"Ndiyo hivyo, imenyamaza." Akakaa. "Anasema zamani ikilia alijua umekaa. Hata Jumanne ile alipita kwa sababu ilikuwa inalia. Sasa hajui kama upo kitini au uko mlangoni. Anasema bora ile kelele."

Sikuwa nimelifikiria hilo hata mara moja. Wakati mimi nahangaika nimsikie, na yeye kule nyuma alikuwa akinisikiliza. Alikuwa na njia yake ya kujua nilipo, nami nikaipaka mafuta ya cherehani. Lakini njia yenyewe ilikuwa ya uongo, kwa sababu mashine hulia nikiwepo na nisipokuwepo, na ndiyo iliyotukutanisha.

Nilimwambia wifi ampeleke kwanza hospitali, mimi nikiwa nimejifungia ndani na kuimba wimbo wa kanisani kwa sauti yote ili mzee ajue nilipo. Walipita ninaimba. Wifi akaniambia baadaye niliimba vibaya.

Waliporudi nilikuwa nimeshapata njia. Utotoni kaka zangu walikuwa wakibana kipande cha karatasi ngumu kwenye tairi la baiskeli ili liseme trrr wakikimbia. Nilikata ukanda mwembamba wa manila, mabaki ya kadi za harusi, nikauingiza kwenye matundu ya nyuma ya boksi mpaka ncha yake ikagusa feni kidogo sana. Ikasema trrr, ndogo, kama panzi. Nikiuchomoa, kimya.

"Mwambie baba," nikamwambia wifi, "ikisema trrr nimekaa. Ikinyamaza nimeinuka, angoje."

Wifi aliinama kuutazama ule ukanda. "Umetumia wiki nzima kuinyamazisha, sasa unaifundisha kuongea."

Lakini akaenda akamwambia. Nilisikia sauti zao. Nilikaa kitini nikiogopa kusogea. Kisha khu, khu, fimbo, mguu unaoburuta. Alipita mpaka barazani kuota jua. Alasiri kamba ya redio ilifunguliwa, nikasikia taarifa ya habari chumbani kwake.

Kila nilipoinuka nilichomoa kikadi. Kila nilipokaa nilikichomeka. Kwa mtu asiyetulia kama mimi hiyo ni kazi, niliinuka mara arobaini kwa siku. Na kwa haki niseme kwamba mara mbili nilisahau. Mara ya kwanza wifi alikuwa koridoni akamrudisha. Mara ya pili yeye mwenyewe alisimama, nikasikia fimbo imesita, kisha akasema, "Ewe mashine, unasema kweli?" Nilirudi mbio kitini.

Alimaliza zile wiki tatu. Nesi aliridhika, akampa dawa za kwenda nazo. Siku ya kuondoka mume wangu alikuja. Nilikuwa nachapa, nikasikia khu, khu, kikohozi cha kujilazimisha, kikavu, maana cha kweli alikuwa hana tena. Niliinuka nikageukia ukuta, kanga kichwani, ingawa mlango ulikuwa umefungwa. Fimbo ikasimama mlangoni.

"Ewe mashine," akasema, "ndaga fijo," yaani asante sana, "ukae vizuri na mwenzako."

Haikuwa juu yangu kujibu. Mguu ukaburuta mpaka barabarani. Ndipo nikagundua kikadi nimekiacha, kilikuwa kinasema trrr kwamba nimekaa, na mimi nimesimama.

Mpaka leo najiuliza kama nilihangaika kwa ajili ya kifua chake au kwa ajili ya mashine yangu. Kwenye daftari nimeandika vyote viwili siku tofauti. Chumba cha nyuma kilikuwa kitupu, lakini mwezi mzima baada ya hapo wifi alinikuta nachomoa kikadi kila ninapoinuka.

"Sasa unamchomolea nani?" akauliza.

Nilikaa, nikakichomeka, nikaendelea kuchapa.